Taa Isiyo na Mwenyewe

Katika nyumba zetu nyingi siku hizi umeme hununuliwa kama sukari inunuliwavyo: kwa kipimo, na kwa fedha iliyotangulia. Mita ya LUKU imetundikwa ukutani, na tarakimu zake zashuka mbele ya macho ya watu wote. Baba aziona, mama aziona, hata mtoto wa darasa la pili ajua kwamba uniti zikiisha usiku, kesho hapana pasi wala redio. Kwa hiyo hapana haja ya hotuba. Taa ikiachwa ikiwaka chumbani pasipo mtu, sauti husikika mara moja: “Nani ameiacha?” Mtoto huinuka akaizima.

Mtoto huyohuyo, akiisha kufaulu mitihani na kupata nafasi katika chuo kikuu, huingia bwenini na kuyasahau yote kabla muhula wa kwanza haujaisha. Taa ya chumba huwaka mchana kutwa, dirisha likiwa wazi na jua likiingia. Feni hupepea kitanda kitupu. Bomba la bafuni hudondoka juma zima, na watu arobaini hupita mbele yake asubuhi na jioni, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake amekwisha kutoa habari. Je, tuseme elimu imemharibu? Sisi hatusemi hivyo. Moyo wake ni ule ule aliotoka nao nyumbani; kilichoondoka ni mita. Ada ya malazi imelipwa kwa pamoja, na atumie uniti moja au uniti mia, hataongezewa deni wala hatarudishiwa senti. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili: mali bila daftari hupotea bila habari.

Juma hili twataka kuwaeleza wasomaji wetu namna wanafunzi wenyewe, katika vyuo kadhaa vya Marekani, walivyojaribu kuliandika daftari hilo katika mabweni yao. Twachukua mifano ya huko kwa sababu kazi hiyo ilianza huko mapema, tena ikapimwa na kuandikwa kwa tarakimu. Mzazi mwenye mtoto katika hosteli ya Dar es Salaam, Mwanza au Dodoma ataona mwenyewe lipi lamfaa na lipi halimfai.

Chuo Kikuu cha Tufts, karibu na jiji la Boston, kilianza mwaka 2001 kuchagua wanafunzi wachache miongoni mwa wale wakaao mabwenini. Walifundishwa mambo ya umeme, maji na taka, kisha wakarudi kuishi na wenzao kama kawaida. Waliitwa Eco-Reps, nasi twaweza kuwaita wajumbe wa mazingira. Mwaka uliofuata, 2002, Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha utaratibu wa namna hiyo, na baadaye vyuo vingine vingi vikafuata. Mahali pengine wajumbe hao hupewa ujira kidogo, mahali pengine hujitolea.

Wasomaji watauliza: kwa nini kuchagua mwanafunzi, wakati chuo kina wahandisi, wasimamizi wa mabweni na fedha ya kuchapisha matangazo? Jibu ni kwamba tangazo la ukutani husomwa siku ya kwanza. Siku ya tatu limekwisha kuwa sehemu ya rangi ya ukuta. Msimamizi naye akisema, kijana husikia sauti ya serikali, na vijana wa umri huo wana dawa yao dhidi ya sauti ya serikali. Lakini jirani wa mlango wa pili, ambaye mwakopeshana sabuni, ambaye anafanya mtihani uleule na kula chakula kilekile, akikuuliza kwa nini umeacha kompyuta ikiwaka tangu juzi, inakubidi kumjibu. Twaongeza neno moja la tahadhari. Mjumbe akijigeuza askari, akachungulia milangoni na kuandika majina ya wakosaji, kazi yake imekwisha kabla ya Jumapili, na taa zitaachwa zikiwaka kwa makusudi ili kumkomoa. Katika mabweni ya shule kengele hulia na taa zikazimwa zote pamoja. Chuo kikuu hakina kengele hiyo, wala hakifai kuwa nayo. Aliye na umri wa miaka ishirini ni lazima ajifunze kunyoosha mkono wake mwenyewe.

Lakini maneno matupu, hata ya jirani, hayatoshi, na hapa ndipo penye somo kubwa. Katika mji mdogo wa Oberlin, jimbo la Ohio, kuna chuo cha zamani kilichoanzishwa mwaka 1833. Mwaka 2005 mwalimu mmoja pamoja na wanafunzi wake walifanya jaribio. Mabweni mawili yaliwekewa vyombo vya kupima umeme na maji saa kwa saa, na wakazi wake waliweza kuona katika kompyuta ni kiasi gani jengo lao linatumia wakati uleule. Mabweni mengine ishirini yalisomewa mita kwa mkono, na wakazi wakapewa habari mara moja tu kwa juma. Kisha yakatangazwa mashindano ya majuma mawili: bweni gani litapunguza zaidi?

Matokeo yaliandikwa mwaka 2007. Kwa jumla matumizi ya umeme yalipungua kwa asilimia 32 katika majuma hayo mawili. Ziliokolewa uniti 68,300, zenye thamani ya dola 5,107, pamoja na tani zipatazo 67 za hewa ya ukaa ambazo zingetoka katika mitambo ya kuzalisha umeme huo. Na tena, mabweni yaliyopata habari mara moja kwa juma yalipunguza asilimia 31. Yale mawili yaliyoona tarakimu zao wakati uleule yalipunguza asilimia 55.

Tafadhali msomaji atulie hapo kidogo. Wanafunzi wa mabweni yote walitoka katika chuo kimoja, wakasikia mawaidha yaleyale, wakashindania ushindi uleule. Hakuna sababu ya kudhani kwamba wale wa mabweni mawili walikuwa na dhamiri safi kuliko wenzao. Walikuwa na mita mbele ya macho, basi. Baadaye chuo hicho kikaweka katika kumbi za mabweni taa za kioo zenye umbo la tufe, ambazo rangi yake hugeuka: matumizi yakiwa madogo hung'aa kijani, yakipanda huwa nyekundu. Mtu apitaye kwenda kulala haitaji kusoma tarakimu yoyote. Bweni lenyewe lamwambia hali yake.

Hata hivyo twaona si haki kuwasifu vijana wa Oberlin nusu nusu, kwa kuacha lile lisilopendeza. Maji hayakupungua ila kwa asilimia 3. Wanafunzi walewale, mashindano yaleyale! Kwa maoni yetu sababu yake haifichiki sana. Kuzima taa ni kazi ya kidole kimoja, wala hakumwondolei mtu raha yoyote. Kufupisha kuoga kwa maji ya moto, asubuhi ya baridi ya Ohio, ni kuugusa mwili wenyewe na mazoea yake. Tena majuma mawili ni muda mfupi. Mtu aweza kukaa gizani majuma mawili ili kuwashinda jirani zake, kisha akaziwasha taa zote siku ya kutoa zawadi. Mashindano hufungua mlango. Hayamfanyi mtu akae ndani.

Kadhalika vijana wengi huanza na jambo dogo kwa sababu ndilo lionekanalo. Tuchukue hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Taa ya kisasa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 300 mfululizo hutumia uniti 2.7. Sasa mtu akioga dakika kumi chini ya bomba la mvua lipitishalo lita 9.5 kwa dakika, ametumia lita 95. Na kuyapasha maji hayo joto kwa nyuzi 25 kwahitaji nishati ya uniti 2.7 na zaidi kidogo. Yaani koga moja hulingana na taa iliyowaka siku kumi na mbili na nusu, usiku na mchana! Na kwetu, ambako wengi huoga maji baridi, tazameni jiko dogo la umeme lililofichwa chini ya kitanda kwa ajili ya kupikia ubwabwa. Likiwa la wati 1,000, saa moja ya mapishi ni uniti moja kamili, sawa na taa ile ya LED kwa saa 111. (Hatari ya moto ni habari nyingine, na wasimamizi wa hosteli wanaijua kuliko sisi.) Mjumbe wa mazingira asiyejua hesabu hizi atapoteza mwaka mzima akigombana na watu juu ya chaja za simu.

Liko jambo jingine, nalo ni la wakubwa. Wakati wanafunzi wa Oberlin wakizima taa zao, mtambo wa chuo chenyewe wa kupasha majengo joto ulikuwa bado ukichoma makaa ya mawe, na uliendelea hivyo hadi mwaka 2014 ulipoachana nayo. Twalitaja hili bila kukilaumu chuo, kwa maana mtambo haubadilishwi kama taa, nacho hatimaye kilibadilisha. Twalitaja kwa sababu ni rahisi mno kwa utawala wa chuo chochote kumpa kijana mzigo wa kuzima taa, huku mzigo mkubwa umelala ofisini. Wakazi wa Dar es Salaam watakumbuka Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua hata mji ukawa unapata maji kwa zamu. Siku kama hizo kila bweni huwa na tangazo la kuhimiza watu watumie maji kwa kiasi. Ni vema. Lakini bomba moja lidondokalo tone moja kila sekunde hupoteza lita nne na zaidi kwa siku, na tangi la choo lisilofunga hupoteza mara nyingi zaidi ya hapo, wala halisomi matangazo. Mwanafunzi akitoa habari ya bomba bovu mara tatu bila fundi kufika, mara ya nne hatatoa, na hata akihubiriwa na malaika hatazima taa. Asiyetimiza sehemu yake hana kinywa cha kudai sehemu ya mwenziwe, nasi twaona kwamba fundi afikaye upesi hufundisha bweni zima kuliko semina tatu.

Katika majaribio yote tuliyoyasoma, lile lililotupendeza zaidi lilifanywa katika Chuo Kikuu cha New Hampshire, nalo halikuhusu taa wala maji. Huko mwaka wa masomo humalizika Mei. Wanafunzi wakiondoka walikuwa wakitupa viti, mazulia, friji ndogo na vyombo vya kupikia, vitu vizima visivyoingia katika gari la kurudia nyumbani. Na miezi mitatu baadaye wanafunzi wapya walikuja na kununua vitu vilevile dukani. Mwaka 2011 wanafunzi wenyewe wakaanzisha utaratibu walioupa jina la Trash 2 Treasure, maana yake taka kuwa hazina. Hukusanya vitu Mei, huvihifadhi wakati wa likizo, na kuviuza kwa bei ndogo wenzao wanaporudi mwishoni mwa Agosti. Fedha ipatikanayo huendesha kazi ya mwaka unaofuata. Hapa hapana anayenyimwa raha yake, wala hapana anayesutwa. Mwenye kuondoka aondolewa mzigo, mwenye kuja apata kiti, na jalala lapata kidogo. Wazazi wanaonunua kila mwaka godoro, ndoo na beseni, kisha wasijue la mwaka jana lilikwenda wapi, wataelewa upesi maana ya jambo hili. Godoro pekee lataka uangalifu, kwa sababu ya kunguni.

Twajua kwamba vyuo vyetu havina fedha ya kununua tufe za kioo zigeukazo rangi. Hatuoni kwamba zahitajika. Lililofanya kazi Oberlin ni kujua, na kujua kwaweza kupatikana kwa bei ndogo mno. Mkuu wa hosteli akikubali kuonyesha mita ya jengo ilipo, wanafunzi wawili wa kila ghorofa waweza kuisoma kila siku saa mbili usiku. Wataandika kwa chaki, kwenye ubao ulio chini ya ngazi ambapo kila mtu hupita: jana uniti kadhaa, leo uniti kadhaa, na jengo la pili uniti kadhaa. Mita ya maji isomwe vilevile. Kando yake kuwe na orodha ya mabomba mabovu, tarehe yaliporipotiwa, na tarehe fundi alipofika. Hapo wakubwa nao watakuwa wameandikwa katika daftari moja na watoto. Wazazi, kijana akirudi likizo, msimwulize tu alama za mitihani. Mwulizeni bweni lake linatumia uniti ngapi kwa siku. Asipojua, mwonyesheni mita ya nyumbani, na mwachieni zamu ya kununua umeme wa mwezi huo.