Kabla hujanunua kirikuu ya mtu, ipandishe mlima kwanza

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali moja: "Kaka, nimepata kirikuu ya mkononi, bei nzuri, nichukue?" Najibu hapa mara moja ili na wengine mpate.

Mimi nauza mbogamboga. Nanunua karoti, kabichi na hoho huku milimani Lushoto, nashusha Mombo kukutana na Fuso za Dar. Kurudi juu napakia bidhaa za maduka na mbolea. Kwa hiyo nikisema gari nzima, namaanisha gari ya kupanda kutoka Mombo hadi Soni na Lushoto ikiwa na mzigo. Gari inayotembea vizuri Tanga mjini ni habari nyingine kabisa.

Ya kwanza niliinunua Dar mwaka 2019, milioni 6 na laki 2. Milioni 3 zilikuwa za kikoba cha mke wangu. Nilifika kwa dalali saa 5 asubuhi, nikaikuta inaunguruma tayari, imeoshwa, matairi yamepakwa mafuta yanang'aa. Tukazunguka mtaani kama dakika kumi. Fundi niliyemtumia aliletwa na dalali huyo huyo. Aisee, hata sasa nikiandika hivi naona aibu.

Safari ya tatu kupanda kutoka Mombo na mifuko ya mbolea, kwenye kona kabla ya Soni, ikachemsha. Nikasubiri ipoe, nikaongeza maji, nikaendelea. Hapo ndipo nilipoimaliza. Silinda hedi ilipinda. Matengenezo yalikula milioni 1 na laki 3 na nusu, karoti nilizokwisha kulipia zikakaa shambani mpaka nikaziuza kwa bei ya kutupa, na kikoba hakisubiri mtu. Tuliuza ng'ombe wa mama.

Fundi aliyeifungua aliniambia thamostati ilishatolewa zamani. Hiki ni kitu kidogo kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari ikiwa na tabia ya kuchemsha, wengi wanakitoa. Tambarare mshale unakaa chini, mnunuzi anafurahi. Mlimani ugonjwa uko pale pale.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi.

Naenda alfajiri, na namwomba mwenye gari asiiwashe kabla sijafika. Kirikuu injini yake iko chini ya siti, unainua siti unaweka kiganja. Ikiwa ya moto, naaga kwa adabu, nasema nitarudi kesho. Injini iliyolala usiku mzima kwenye baridi ya Lushoto haiwezi kuficha: ikiwa na shida ya kuwaka utaona, ikiwa na mgongano wa vyuma sekunde za kwanza utasikia. Simama nyuma wakati mwenzako anawasha. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni kawaida, unapotea baada ya muda. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, maji yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu, inakula oili. Mweusi, inachoma petroli kupita kiasi, hilo mara nyingi linatibika.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta (ikiwa ya baridi tu, ya moto itakuunguza uso). Maji ya rangi ya kutu maana yake watu walikuwa wanajazia maji ya mtoni. Ukiona utelezi wa oili juu yake, funga, nenda nyumbani. Angalia na mfuniko wa oili kwa ndani. Uji mweupe kama maziwa ni dalili mbaya, ila huku kwetu kwenye baridi, gari inayofanya safari fupi fupi inaweza kuwa na utando kidogo hapo kwa sababu ya unyevu tu. Ndiyo maana unachomoa na kijiti cha kupimia oili. Na kwenye kijiti kukiwa na maziwa, hakuna mjadala.

Thamostati unaijua hivi: acha injini iungurume, na mtego huu unafanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi. Kama dakika 20 zimepita na mshale bado uko chini kabisa, uliza maswali. Kama gari haina mshale, ina taa tu, gusa hozi ya juu ya rejeta ukiwa mbali na mikanda na feni. Nzima inakaa baridi kwanza, halafu inapata moto kwa ghafla. Iliyotolewa thamostati inapata joto pole pole tangu mwanzo.

Halafu lala chini. Ndiyo, lala na kanga au gunia. Kirikuu kule Japani inaruhusiwa kubeba kilo 350 tu. Sisi huku tunapakia lumbesa mpaka mbele inataka kunyanyuka. Kwa hiyo majeraha yako chini: chesisi imechomelewa wapi, springi zimelala au zimeongezewa jani, kutu iko juu juu au ukigonga kwa bisibisi inatoboka. Mchomeleo karibu na mahali springi inaposhika chesisi mi siugusi hata kwa nusu bei. Bodi iliyojazwa puti utaijua kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Kwenye puti nene haishiki.

Kilomita za kwenye dashibodi msiziamini sana. Angalia pedali ya breki imelika kiasi gani, usukani, siti ya dereva. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho: mara nyingi una kilebo cha mwaka uliotengenezwa. Gari ukiambiwa ni ya 2008 na mkanda unasema 2003, kuna mtu anakudanganya. Na herufi ya namba, hii "namba D" na "namba E" tunayotambiana, inakuonyesha gari ilisajiliwa lini Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa ni kitu kingine.

Baada ya hapo ndiyo mlima. Huwa naomba tupakie viroba vitatu vya viazi, tupande kutoka Mombo. Mwenye gari akikataa katakata hata nikimwekea mafuta, nimeshapata jibu langu. Njiani nasimama kwenye mwinuko mkali, navuta handbreki, naangalia kama inashika, halafu naondoka taratibu. Injini ikipanda sauti na gari haiongezi mwendo, klachi imekwisha. Tukifika juu siizimi, naiacha iungurume dakika 10 nikinusa na kuangalia chini kama kuna tone.

Kushuka ndiko wengi wanakosahau, na kushuka ndiko kunakoua watu. Kirikuu yenye mzigo unaishusha kwa gia ya pili, huku breki ukizigusa kwa kituo. Sikiliza ukiachia mafuta: gia ikiruka yenyewe na kurudi huru, giaboksi imechoka, na kwenye kona za Soni hutaki kujifunza hilo ukiwa na gunia nane mgongoni. Pedali ya breki ikianza kuwa laini au kuzama zaidi kila unapokanyaga, simama palepale pa usalama, usijaribu kufika Mombo.

Vijana wa Altezza na nyie nawasikia. Mpwa wangu alinunua moja, nzuri kwa macho, springi zimekatwa, ekzosi inapiga kelele kijiji kizima. Altezza ni gari nzuri ya Toyota, ya tairi za nyuma, lakini nyingi zimechezewa. Kila kilichobadilishwa uliza kilichotolewa kiko wapi, na kwa nini. Gari ya mbio aliyekuwa nayo kijana mwenye haraka, pima klachi na difu kabla ya kusifia rimu. Ya mpwa wangu ilikuwa inakwaruza chini kila tuta, barabara ya Mlalo hakuiweza hata mara moja.

Fundi: nenda na wako, na mlipe hela yake ya siku kabla hamjafika, ununue au usinunue. Fundi anayesubiri "kitu kidogo" mkishaelewana bei hana sababu ya kukwambia acha.

Karatasi nitapita haraka kwa sababu ni rahisi, watu ni wavivu tu. Namba ya chesisi isome kwenye gari lenyewe, linganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Ikiwa la mtu wa tatu, huyo wa tatu aje. Faini za trafiki angalia kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, zinahama na gari. Mkataba kwa wakili, mashahidi pande zote, hela ipite benki, na umiliki ubadilishwe TRA, usikae na kadi ya mwenzio miaka.

Na usimalize hela zote kwenye kununua. Mi naacha kama laki 8 pembeni za oili, breki na matairi.

Ya pili niliipata kwa mzee mmoja wa Soni. Nilimpigia nikamwambia, "Mzee wangu, shikamoo. Naomba nije saa 12 asubuhi, na usiiwashe kabla sijafika." Akacheka, "Marahaba. Njoo mwanangu, hata kahawa utaikuta." Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Ilipanda vizuri, maji hayakupungua. Kushuka, gia ya tatu ikaruka mara mbili. Nikamwambia palepale, hakubisha, alisema yeye huwa anaishikilia kwa mkono. Alitaka milioni 7, tukaelewana milioni 6 na laki 4.

Gia niliitengeneza wiki ile ile, laki 4 na 20 elfu, kabla sijapakia hata kiroba kimoja. Mpaka leo mzee akinikuta nimesimama Soni anaanza kuuliza habari za gari, halafu ndiyo za watoto.