SOMO LA ROBO HII: JE, DALALI WETU AMESAJILIWA?



Kamati nyingi za parokia hapa Kenya hununua ardhi mara moja au mbili tu katika kipindi chake: ploti ya zahanati, shamba la shule, kiwanja cha nyumba ya mwalimu. Fedha hizo ni michango ya waumini na misaada ya wafadhili. Anayeleta habari ya ploti mara nyingi ni mtu wa hapa hapa, anayeitwa broka au dalali, na kamati humwamini kwa kuwa mama yake yumo kwenye jumuiya. Somo hili linahusu swali ambalo wengi huona haya kumwuliza mtu kama huyo: je, umesajiliwa?

Sheria ya Mawakala wa Mali Isiyohamishika, Sura ya 533, ilitungwa mwaka 1984. Ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Mawakala. Kwa mujibu wa sheria hiyo, kumkutanisha muuzaji na mnunuzi wa ardhi au nyumba, au kujadiliana bei kwa niaba yao, kama kazi ya kujipatia riziki, ni jambo la waliosajiliwa peke yao. Anayefanya bila usajili anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Faini hiyo imepitwa na wakati. Kamisheni ya shamba moja tu karibu na Nairobi huizidi mara nyingi. Labda ndiyo sababu mabroka wasio na karatasi wamejaa kila soko.

Wapo vijana wa parokia zetu wanaoifanya kazi hii kwa uaminifu na wangependa kuifanya kihalali. Wajue kwamba njia ni ndefu kidogo. Bodi hutazama elimu, kwa mfano shahada ya mali isiyohamishika kama ile inayofundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi, au uanachama kamili katika Taasisi ya Wapima wa Kenya. Hutazama pia uzoefu wa kazi na mwenendo wa mwombaji. Kwa hiyo kijana aliyemaliza kidato cha nne hawezi kwenda leo na kurudi kesho na leseni. Anachoweza kufanya ni kutafuta kazi katika ofisi ya wakala aliyesajiliwa huku akisoma. Kamati yenye mfuko wa karo ingefikiria jambo hili, maana kazi za ardhi haziishi.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Usajili na cheti cha kufanyia kazi ni vitu viwili. Mtu husajiliwa, kisha kila mwaka huchukua cheti kipya. Cheti cha mwaka juzi kilichotundikwa ukutani hakitoshi, hata kama fremu yake inang'aa. Tena kibali cha biashara kutoka kaunti si usajili wa Bodi. Kaunti hutoza ada ya duka, haipimi ujuzi wa mwenye duka. Ombeni jina kamili na namba ya usajili, kisha ulizeni Bodi yenyewe.

Faida ya usajili ni nini? Ni kwamba yupo wa kumshtaki mtu huyo kwake. Bodi inaweza kumwadhibu wakala mkosaji na hata kulifuta jina lake kwenye orodha. Broka wa njiani akizima simu, mmebaki na namba isiyopatikana.

Hata hivyo wakala mwenye cheti haifanyi hati kuwa halali. Lazima mfanye sachi rasmi kwenye masjala ya ardhi, na mkataba uandikwe na wakili wenu, si wakili wa muuzaji. Kwa shamba la kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini hiyo mauzo ni batili. Malipo yapitie kwa wakili, yasipitie mfukoni mwa dalali. Hati iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa kanisa, si la mwenyekiti, hata awe mtu mwema kiasi gani. Akifariki, watoto wake ndio watakaorithi.

Maswali ya kujadili kwenye kikao:

Nani alituletea ploti ya mwisho tuliyonunua, na tulimlipa kwa risiti gani?

Hati za ardhi ya parokia ziko kwa jina la nani, na nani amezishika?

Nani kati yetu atapewa kazi ya kuuliza Bodi kabla ya kikao kijacho?