Ukitazama dansi ya mastaa, anza na miguu

Kuanzia Septemba hadi Desemba, Jumamosi jioni, Waingereza wengi hukaa mbele ya BBC One kutazama Strictly Come Dancing. Shindano hilo lilianza 2004, na Wamarekani wakapata la kwao mwaka uliofuata, Dancing with the Stars. Mtu mashuhuri anaoanishwa na mcheza dansi wa kulipwa, wanafanya mazoezi wiki nzima, kisha wanapanda jukwaani wamevikwa vito kuanzia shingoni hadi kwenye kisigino. Hapo ndipo mtazamaji anapopotea, kwa sababu kazi ya vazi ni kumfanya mchezaji wa wastani aonekane anaweza. Ukitaka kujua nani anacheza kweli, jifunze kulisoma vazi, ukianza na miguu iliyo chini yake.

Kwenye waltz na foxtrot, mguu unaokwenda mbele hutanguliza kisigino. Kwenye cha-cha-cha na rumba hutangulia wayo wa mbele. (Rumba hiyo usiifananishe na ya Franco, mwanamuziki wa Kongo. Ni dansi ya polepole yenye asili ya Kuba, iliyopangwa hatua kwa hatua na walimu wa Ulaya.) Gauni refu la waltz linafagia sakafu na kuficha mengi, kwa hiyo subiri pindo linapopeperuka kwenye kona, uangalie kilicho chini yake. Mwanamke aliyepata alama nzuri kwa gauni refu usimsifu bado. Ngoja wiki atakayopewa jive na sketi fupi.

Matamvua yanahitaji jicho kali zaidi. Mafundi huyashona kwa wingi kwenye nguo za samba na cha-cha-cha kwa sababu nyonga ikitikisika kidogo tu, nyuzi zote zinaruka, nawe unadhani kiuno kimekatwa kweli. Achana na nyuzi, tazama mshipi. Kama kiuno kimetulia na matamvua ndiyo yanayohangaika, anayecheza ni nguo. Mchezaji mzuri hujulikana anaposimama ghafla: mwili umeganda, matamvua bado yanayumba peke yake. Manyoya na vitambaa vinavyoning'inia mikononi hufanya kinyume chake. Hivyo havifichi kitu, mkono ukilegea vinautangaza.

Kwa wanaume, angalia mabega. Koti la dansi hukatwa na fundi kwa kuzingatia mikono iliyoinuliwa, ili mtu akimshika mwenzake mabega ya koti yabaki chini na kola isiache shingo. Ukiona mabega yamefika masikioni, usimlaumu fundi. Huyo bwana amekaza misuli.

Na wale wanaoguna kwamba wachezaji wako uchi, wapunguze kidogo. Magauni mengi hushonwa juu ya vazi la ndani linalobana mwili, na sehemu unayodhani ni ngozi mara nyingi ni kitambaa cha rangi ya ngozi chenye vito juu yake. Bila hivyo nguo isingestahimili hata mzunguko mmoja.

Vazi pia hukuambia waandaaji wanamwonaje mshiriki. Mwaka 2019 Sean Spicer, aliyekuwa msemaji wa Ikulu ya Marekani, aliingia Dancing with the Stars na shati la kijani kali lenye marinda mikononi, akacheza salsa. Hakuna aliyehitaji kuuliza amewekwa kundi gani. Lakini kundi la vichekesho si hukumu. Bill Bailey, mchekeshaji aliyekuwa na umri wa miaka 55, alichukua kombe la Strictly mwaka 2020 akiwa na Oti Mabuse wa Afrika Kusini. Aliyetazama miguu yake badala ya nywele zake alikuwa ameshajua kwamba huyu anausikia mdundo.

Kuna jaribio jingine: zima sauti. Ukiweza kuuhesabu mdundo kwa kutazama mwili wa mchezaji tu, huyo ameshika. Rose Ayling-Ellis, mshindi wa 2021 na mshiriki wa kwanza kiziwi katika Strictly, alicheza sehemu moja ya dansi yake huku muziki umezimwa kabisa, na hakuna hatua iliyopotea. Kisha tazama macho. Mshiriki anayemchungulia mwenzake kabla ya kila hatua anaigiza, hajaielewa dansi. Chris McCausland, asiyeona, hakuwa na njia hiyo ya mkato. Ilibidi kila kitu akijue kwa mwili, na mwaka 2024 alishinda pamoja na Dianne Buswell.

Kabla majaji hawajainua vibao, andika alama zako. Kwenye Strictly wako wanne, kila mmoja anatoa hadi 10, na Craig Revel Horwood ndiye mbahili wao. Ukitofautiana nao sana, rudia kuangalia miguu kabla ya kugombana na televisheni.

Hata hivyo alama si mwisho wa habari, kwa kuwa watazamaji nao hupiga kura. Mcheza kwao hutunzwa, na huko mwenye kwao ni mwenye mashabiki. Bobby Bones, mtangazaji wa redio, alishinda Dancing with the Stars mwaka 2018 ingawa alama zake zilikuwa za chini, na msimu uliofuata majaji wakapewa uwezo wa kumwokoa mmoja kati ya wawili wa mwisho. Binafsi naona kura ya watu ibaki na nguvu, maana shindano la majaji peke yao lingekuwa mtihani wa chuo. Ila kwenye fainali ya Strictly mshindi huamuliwa na kura za watazamaji pekee, kwa hiyo uzuri wa dansi bila mashabiki haufiki mbali.

Ndiyo maana wanaotolewa kwa mshangao mara nyingi ni wale wa katikati ya jedwali: hawachekeshi, hawaongozi, na kila shabiki anadhani jirani yake ameshawapigia. Kama uko Uingereza na mtu wako amepata 28 kati ya 40, usimhesabu kuwa salama. Mpigie kura wiki hiyo hiyo.