Dondoo muhimu: Mshipi mwepesi kwenye miamba ya Ziwa Nyasa
Kutoka Mpitimbi, njia ya kufikia miamba ya Mbamba Bay hupitia Songea na Mbinga. Mbuna, samaki wa miamba hiyo, hula zaidi mwani na wadudu wadogo waliomo, na midomo yao ni midogo. Hivyo ndoano iwe ndogo na chambo bandia kiwe chepesi. Chambo hutupwa kando ya jiwe, huachwa kizame, kisha huvutwa polepole kwa mishtuko mifupi. Samaki akinasa, avutwe mara moja kabla hajaingia kwenye ufa, maana jiwe hukata mshipi mwembamba. Jike hulea mayai mdomoni. Mwenye koo lililotuna arudishwe majini upesi, kwani baadhi ya spishi huishi kwenye miamba michache tu.