Moshi Huu Umetoka Wapi? Kuufuata kwa Setilaiti Ukiwa Kisii au Nyamira

Siku ya anga safi, ukisimama kwenye ukingo wa Manga unaliona Ziwa Victoria kule chini, upande wa Kisumu. Lakini kuna siku za Julai na Agosti ziwa halionekani, anga ni ya kijivu, na mtoto mwenye pumu anakohoa tangu alfajiri. Watu husema ni ukungu. Kabla ya kukubali, chukua simu yako.

Hatua ya 1. Fungua Worldview, ramani ya NASA isiyolipiwa, uivute hadi Gusii. Anza na picha ya setilaiti ya Terra, kwani hupita asubuhi. Suomi NPP na NOAA-20 hupita mwendo wa saa nane mchana, na kufikia hapo upepo wa ziwa mara nyingi umeshapanda milima yetu na kurundika mawingu ya mvua.

Hatua ya 2. Tenganisha moshi na wingu. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo usiharakishe. Wingu zito ni jeupe, lina kingo, na huangusha kivuli. Moshi una rangi ya majivu, umetanda kama shela, na chini yake bado unauona mto au shamba. Ukibaki na shaka, badilisha picha uweke ile ya mikanda 7-2-1. Mawimbi yake marefu hupenya chembe ndogo za moshi: wingu hubaki, moshi karibu wote hutoweka, na ardhi iliyoungua hujitokeza kwa wekundu wa kahawia. Mimi huenda na kurudi kati ya picha hizo mbili mara tatu nne kabla ya kuamini macho yangu.

Hatua ya 3. Washa nukta za moto za VIIRS, kifaa kilicho kwenye Suomi NPP na NOAA-20. Kila nukta huwakilisha eneo la takriban mita 375 kila upande, na moto wenyewe unaweza kuwa popote ndani yake. Tafuta mkia wa moshi: mwembamba na mzito kwenye chanzo, mpana unakopelekwa na upepo. Julai na Agosti pepo za kusini-mashariki huvuma kutoka pande za Mara na Serengeti, ambako nyasi huungua wakati wa kiangazi. Nukta za Awendo, Kilgoris au Muhoroni zaweza kuwa miwa inayochomwa kabla ya kukatwa. Tafadhali usimtuhumu jirani kwa nukta moja.

Hatua ya 4. Toka nje. Setilaiti hutazama kutoka juu, na picha peke yake haikuonyeshi kama moshi unapita juu ya vilima au umelala bondeni kwako. Moto mdogo wa tanuri la matofali huenda isiuone kabisa, na usiku wa baridi hufungia moshi wa jikoni mabondeni hadi jua lipande. Kila siku saa moja asubuhi, andika kwenye daftari: upepo unatoka wapi, kuna harufu gani, na kilima gani cha mbali hakionekani. Picha ya Terra ikifika, huwa ni saa chache baada ya setilaiti kupita, iweke kando ya daftari hilo.