SANDUKU LA NJANO SIYO VYUMA CHAKAVU

Je, ukikuta sanduku la njano limetupwa mtaroni kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, utafanyaje? Wengine watasema, "Napeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, napata hela ya daftari." Ngoja kwanza, kijana mwenzangu.

Ni kifaa gani?
Wajenzi wa barabara hutumia kifaa cha kupima kama udongo na lami vimeshindiliwa sawasawa. Mtu mmoja anaweza kukibeba. Ndani mna vipande vidogo vya sesiamu na amerisiamu vinavyotoa mionzi. Kingine hupiga picha maungio ya mabomba ya chuma. Hicho mara nyingi huwa na iridiamu, na ni hatari zaidi. Fundi aliyesomea akivitumia vizuri yuko salama, maana vipande hivyo vimekingwa. Mwizi yeye anaona sanduku lenye kufuli tu, anadhani ni mali. Akilipasua, balaa linaanza.

Yaliyotokea kwa wengine
Mionzi haionekani wala hainuki. Mwaka 2000, kijijini Meet Halfa nchini Misri, mkulima aliokota kipande cha chuma, akakipeleka nyumbani. Kumbe ni iridiamu iliyopotea kwenye kazi ya mabomba! Familia ikatokwa na vidonda, ikatibiwa kama wagonjwa wa ngozi. Mwezi Juni mtoto wake wa kiume alifariki, kisha baba mwenyewe. Huko Goiânia, Brazili, mwaka 1987 watu walichukua mashine ya kutibu saratani kwenye jengo lililohamwa, ikauzwa kama chuma chakavu. Watu 4 walikufa.

Ufanye nini?
1. Usiguse, usifungue. Angalia alama kama mapanga matatu ya feni. Hata isipokuwepo, usijaribu.
2. Sogea mbali na uwazuie wadogo zako. Umbali ukiwa mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki kama robo.
3. Mwambie mwalimu, mtendaji wa kijiji au polisi. Wataalamu wa kazi hii ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.
4. Kama umeshakishika, nawa mikono kabla ya kula, kisha nenda hospitali ueleze ulichoshika. Daktari asiyeambiwa atatibu kitu kingine.

Na kama aliyeiba ni rafiki yako?
Hapo ndipo pagumu. Unaogopa ataitwa mwizi, na wewe utaitwa mbea. Lakini fikiria: sesiamu huchukua miaka 30 nguvu yake kupungua nusu tu. Ukinyamaza, haitatulia yenyewe chini ya kitanda wanapolala wadogo zake. Mshauri aseme leo. Akikataa, sema wewe. Kesi ina mwisho, kaburi halina rufaa.

Jadilini darasani
Kwa nini mtu aliyeiba huogopa kumwambia daktari ukweli? Mtamsaidiaje?