Maktaba Ipo, Mkutubi Je? Mwongozo kwa Mzazi wa Johannesburg

Ukimwandikisha mwanao katika shule ya umma Johannesburg, ukaonyeshwa chumba chenye rafu za vitabu, uliza kinasimamiwa na nani. Mara nyingi utatajiwa mwalimu wa lugha aliyekabidhiwa ufunguo, naye ana vipindi kutwa. Maktaba ya namna hiyo hufunguliwa anapopata nafasi.

Chanzo kiko kwenye mgao wa walimu. Serikali hugawa nafasi za kazi hasa kwa idadi ya wanafunzi, bila kutenga nafasi ya mwalimu mkutubi kwa kila shule. Mwalimu mkuu anayemtaka mkutubi kutoka nafasi hizo hana budi kumtoa darasani mwalimu mmoja, na madarasa yenyewe yamefurika. Kanuni za majengo za mwaka 2013 ziliahidi maktaba ndani ya miaka 10. Ziligusa chumba, hazikugusa mtu wa kukiendesha, ingawa tangu 2009 vijana wa vuguvugu la elimu la Equal Education walikuwa wakidai vyote viwili.

Njia nyingine ipo: Sheria ya Shule ya 1996, kifungu cha 20, inairuhusu bodi ya shule kuajiri watumishi wa ziada kwa fedha za shule yenyewe. Ndiyo maana shule nyingi za ada kubwa zina wakutubi, huku shule nyingi zisizotoza ada, zenye watoto wengi wasio na vitabu nyumbani, zikikosa. Huo ni ubaguzi wa mfuko, na unaumiza.

Mkutubi anayefaa ana ujuzi wa aina mbili. Miongozo ya 2015 ya IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba, inataka asomee ukutubi wa shule na pia ufundishaji. Akiajiriwa kama mwalimu, lazima awe amesajiliwa na SACE, baraza la walimu la nchi; omba uthibitisho. Kupanga na kuazimisha vitabu ni sehemu ndogo ya kazi yake. Kazi kubwa ni kuketi na walimu wa masomo, kumfundisha mtoto kutafuta habari na kupima ukweli wake, na kuchagua vitabu vya Kizulu, Kisotho na Kiingereza vinavyolingana na umri.

Wewe mzazi una sauti. Katika bodi, wazazi ndio wengi. Bajeti ya mwaka haipiti bila mkutano wa wazazi, unaotangazwa angalau siku 30 kabla, na angalau siku 14 kabla yake una haki ya kuikagua. Tafuta humo fungu la mkutubi. Kama shule haina fedha, dai angalau mwalimu mmoja apunguziwe vipindi, saa za maktaba ziingizwe kwenye ratiba, naye apelekwe kusomea ukutubi. Hudhuria mkutano huo, uulize mbele ya wote.